Kinyota

Karatasi imefika kabla ya daktari.
Ijumaa jioni, zahanati imefungwa,
na mimi mezani, hapa Lugo, koti bado begani,
naisoma damu yangu kama barua ya deni.
Safu ndefu ya namba zilizotulia,
kisha moja, ya ini, imebandikwa kinyota:
arobaini na nne. Mwisho ni arobaini.

Nne tu.
Lakini nne hizo zimelala nami kitandani,
kati yangu na Eladio, zikivuta blanketi.
Jumamosi nimemzika baba upya,
alivyoondoka wa njano kama nta.
Jumapili dada yangu Sabela kapiga simu:
umekula nini, umekunywa nini, nani kakutazama?
Nikahesabu glasi za mvinyo tangu Pasaka,
nikapotea, nikaanza tena.
Nyota ya jaha sikuwahi kuwa nayo;
sasa nimepewa hii, ya wino.

Jumatatu, kazini. Miaka thelathini na mmoja
nimesimama penye ukanda wa mayai,
taa chini, giza juu, macho katikati.
Gramu hamsini na tatu hadi sitini na tatu: haya ya wastani.
Likija la hamsini na mbili, mkono
hulisogeza trei ya madogo bila kuniuliza.
Halijaoza. Halina kosa.
Kuku hakusoma sheria;
mpaka uliwekwa na watu waliokaa vitini.
Na lile lenye doa la damu kwenye kiini
dukani haliendi, mteja atapiga kelele;
kwangu huangukia kikaangoni
na hajafa mtu.

Nilimweleza hivyo daktari Iria siku ya Jumatano,
nikitaka acheke. Akacheka.
Akasema: uzio huu tumewazungushia wazima,
na katika kila wazima ishirini
mmoja tumemwacha nje, tukijua.
Huenda ni wewe. Huenda ni magunia ya viazi
uliyobeba jana yake, kabla ya sindano,
au ile dawa ya goti.
Nikafunga vifungo vya koti.

Kisha akafungua karatasi za zamani.
Thelathini na moja. Thelathini na sita. Thelathini na tisa.
Zote bila kinyota, zote ndani ya uzio.
Akaziunga kwa kalamu, zikawa ngazi.

Hapo sikuwa na neno.
Maana hilo nalo nalijua:
ganda moja jembamba halisemi kitu;
trei za wiki tatu, kila siku jembamba zaidi,
ndizo zinazompigia mfugaji simu.

"Si ugonjwa," akasema. "Ni swali."
Nirudi Machi. Mvinyo nipunguze, dawa ya goti tubadili,
sindano nyingine, namba ya tano.

Nje, mvua. Dalili yake ni mawingu, wasema wahenga,
ila huku mawingu hukaa wiki nzima bila tone
na mvua huja siku uliyoanika shuka.

Usiku nimepasua yai la kando, lenye doa.
Nimelitazama kwanza chini ya taa ya jikoni,
muda mrefu kuliko kawaida yangu,
hata Eladio akauliza kama limeoza.

Halijaoza, nikasema.
Weka mafuta.