Sura ya Nne

Meza yangu ni mlango wa zamani
uliolazwa juu ya madumu mawili ya mafuta.
Kitasa bado kipo. Mkono wangu hukigonga
kila nifikapo mwisho wa sentensi,
na mchana kutwa nyumba hunisikia nikibisha hodi
kwa mtu asiyetaka kufungua.

Ukutani nimebandika ratiba.
Januari: sura ya pili. Machi: ya tatu.
Juni, kwa wino mwekundu, kwa kiburi cha aliyeshiba: NAMALIZA.
Juni imepita mara mbili.
Karatasi imejikunja kwa chumvi ya hewa ya Langoni,
mjusi kahamia nyuma yake.
Yeye angalau anaitumia.

Sura ya nne haina sura.
Ina majedwali, ina visima thelathini na kimoja vya Shela na Amu,
ina vipimo vya chumvi, masika na kiangazi,
ina chupa nilizozipanga uvunguni mwa kitanda cha mama
hata akasema anaota yumo majini.
Uso ndio haina.
Profesa Mwakireti aliirudisha na maneno mawili pambizoni,
ukurasa baada ya ukurasa:
Kwa hiyo?
Kwa hiyo?

Nimejaribu kila dawa.
Maneno mia tano kwa siku: siku nne.
Kuamka saa tisa za usiku: usiku mmoja, na mbu walinishukuru.
Nikajiahidi halua nikimaliza aya.
Halua ikaisha, aya ikabaki.
Haba na haba, wananiambia.
Kibaba changu kimetoboka chini.

Binamu yangu Shekue, aliyeachia shule darasa la sita,
ameshona kofia tatu tangu nianze sura hii,
tundu kwa tundu, sindano nyembamba kama unywele.
Nikamwuliza, unawezaje? Nilitaka siri.
Hakuinua macho.
"Nadaiwa," akasema.

Nikarudi nyumbani na neno hilo. Sikulipenda.
Mimi nadaiwa na nani? Chuo? Benki?
Marehemu baba, aliyeanza kuniita daktari
siku nilipomfunga paka bendeji?

Alhamisi akaja Bi Mwanatumu, kwa miguu kutoka Shela,
jua la saa saba, buibui limejaa mchanga.
Hakukaa. Aliinama uvunguni akaitafuta chupa yake,
namba kumi na tisa, akaiinua dirishani
kama atazamaye picha ya mwana aliye mbali.
"Mwaka wa pili huu," akasema.
"Mai yangu yamenena ni?"

Jibu nilikuwa nalo. Limo katika jedwali la saba.
Nikafungua kinywa, zikatoka asilimia.
Akanitazama kwa upole,
vile tunavyomtazama mgeni aliyepotea akiwa na ramani mkononi.
Nikaanza upya:
Bi, ile hoteli ya juu ya mchanga inavuta mno,
na bahari inajongea chini kwa chini kufuata nafasi.
Miaka mitano. Labda sita.
Kisha maji yako hayatafaa hata kwa chai.

Alinyamaza muda.
Akairudisha chupa pale pale, akaigeuza namba itazame mbele.
"Basi andika hivyo," akasema. "Nawe usikawie."

Usiku ule nilibandua ratiba. Mjusi akahama bila neno.
Nyuma yake nikaandika lengo moja:
kesho, kisima cha kumi na tisa. Kina nani. Nani hukinywea.
Sikuamka saa tisa. Niliamka saa moja,
nikanywa chai, ambayo bado ilikuwa tamu,
nikaandika maneno mia na kumi.
Siku ya pili arubaini.
Ya tatu sikuandika kitu, niliumwa jino.
Ya nne nikarudi mlangoni.

Katika yale mia na kumi, mawili ni haya,
bila alama ya kuuliza:
Kwa hiyo