Jaruba la Tatu

Nilinunua kiwanja mwezi wa Oktoba,
na hilo ndilo kosa langu la kwanza.
Oktoba, Kivule yote ni vumbi;
hata bonde hujifanya mlima.
Dalali Kondo alikanyaga ardhi kwa kisigino, mara tatu,
kama mtu anayebisha hodi,
akasema, "Sikiliza. Gumu kama sahani."
Hakuna aliyeitikia. Nikalipa.

Sikuuliza kwa nini mtaa unaitwa Bwawani.
Sikuuliza matete yale makavu
yalikuwa yakinywa nini siku za nyuma,
wala magamba ya konokono, meupe, madogo,
yaliyotapakaa kama vifungo
vya shati lililovuliwa kwa haraka.
Nilikuwa na tepu. Nilipima urefu na upana.
Kina hakikunijia akilini.

Mwinshehe ndiye aliyechimba karo la choo.
Futi ya tatu, sururu ikapasua bonge la udongo,
na ndani ya bonge, amejikunja, mkia usoni,
alikuwemo samaki.
Mzima.
Na mvua ya mwisho ilinyesha Mei!
Amejifunika ute wake kama shuka,
kaacha tundu moja la kupumulia.
"Kamongo," Mwinshehe akasema, wala hakushangaa.
"Analala mpaka wenyewe warudi."
Wenyewe ni nani?
Akatema mate pembeni, akaendelea kuchimba.
Jioni alimbeba kwenye ndoo ya saruji.
Sikuuliza anampeleka wapi.

Tulimwaga kifusi, lori kumi na nne:
matofali ya nyumba zilizopisha barabara,
vigae, nusu ya sinki, mlango wa friji,
kiatu cha mtoto, cha kushoto.
Tukashindilia. Tukajenga juu yake.
Nikapaka rangi ya maziwa.

Masika ya kwanza sakafu ilitoa jasho.
Ya pili, vyura walilia chini ya kabati la vyombo,
si nje. Chini.
Hidaya akigonga vigae kwa mwiko, wananyamaza kidogo,
kama wanafunzi mwalimu akichungulia,
kisha wanaendelea.
Ya tatu, maji yaliingia saa nane usiku,
bila fujo, kwa mlango wa mbele,
yakazunguka kochi, yakakagua chumba kwa chumba,
kama mpangaji wa zamani aliyefuata vyombo vyake.

Asubuhi, getini, Bi. Mwavita,
kanga kaipandisha hadi magotini.
Simjui. Yeye anaijua nyumba yangu kunishinda.
Akanyoosha kidole: "Hapo jikoni palikuwa tuta.
Chumba cha watoto, jaruba la pili.
Sebule yako, baba, ni jaruba langu la tatu,
lile la mpunga wa supa.
Halikuninyima hata mwaka mmoja."
Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu
anayeonyesha mahali alipojifungulia.
Nikamwambia nina hati ya mauziano,
ina muhuri wa serikali ya mtaa.
"Iweke juu ya kabati," akasema. "Isilowe."

Mwaka huu nimebomoa ukuta wa nyuma, kozi tatu za tofali,
nikauachia ua.
Dereva wa kifusi akipita hupunguza mwendo, ananitazama;
natikisa kichwa, anaondoka.
Yangeyange wawili wamehamia penye kamba ya kuanikia.
Bi. Mwavita kaleta miche kwenye mfuko wa salfeti,
hakuomba ruhusa, nami sikuidai.
Hidaya hanisemeshi tangu Jumanne. Anasema mbu.
Kweli, mbu wapo.
Na sebule bado inatoa jasho; sijasema imepona.

Ila jana, usiku mkubwa, umeme umekatika,
nilisikia kitu kikivuta pumzi juu ya maji,
mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyeamshwa,
kisha kikazama.
Nikatoka na tochi. Sikuona kitu,
viduara tu, vinapanuka, vinapita kati ya miche,
vinakuja mpaka ngazi ya jikoni.
Nikavua kandambili.