Milimita Kumi na Moja

Baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri,
Gunvor Lantto avua glovu moja,
aupapasa mhimili wa daraja
kama atafutaye jino linalouma.
Huu hapa: mwembamba kuliko unywele,
umezaliwa kwenye kovu la kuchomelea.

Wahenga walisema ziba.
Yeye hazibi. Apima, aandika: kumi na moja.
Kikomo kiangazi ni thelathini na nne,
usiku kama huu labda ishirini;
chuma nacho hukosa subira kikiganda,
na kila treni ya madini huongeza kitu
kisichoonwa na jicho, ila na hesabu.

Aslak, mwanagenzi, auliza: tufunge njia?
“Ufa hauna haraka,” amjibu,
“mpaka siku utakapoitangulia sauti yake.”

Ashika keekee.
Atoboa tundu pale penye ncha,
maana ncha hula,
duara hushiba.

Saa tisa usiku treni ya Kiruna yavuka,
mabehewa sitini na nane.
Wote wawili, viganja juu ya chuma,
kimya.

Daftarini: *Nirudi baada ya siku tisini.*
Aitazama tisini.
Aikata, aandika arobaini.