Karani wa Daraja la Tatu

Kwenye jalada la mishahara, miaka thelathini na mmoja,
Shangazi Vendela ni karani wa daraja la tatu.
Kwenye jiwe la kaburi, Härnösand, ni mwalimu wa hesabu.
Yote mawili kweli. Yote mawili kifuniko.

Walimchukua shuleni theluji ikiwa magotini,
chaki ingali kwenye kucha. Stockholm, orofa ya nne,
mapazia meusi, kahawa ya mizizi iliyokaangwa,
na wanaume sita waliomwonyesha pa kutundika makoti yao.
Akayatundika.
Kisha akaketi, akachonga penseli.

Tarakimu tano, nafasi, tarakimu tano, nafasi,
kama meno ya kitana kisicho na kichwa cha kuchana.
Wenzake waligonga mlango kwa nyundo za hesabu.
Yeye alimtafuta mtu: nani kachoka, nani mvivu,
nani, alfajiri na baridi yake, hahangaiki na neno jipya la siri
bali hutwaa lile lililo mdomoni tayari.
Akampata. Kijana fulani, kwenye meli fulani ya Kijerumani,
aliyefunga fumbo lake kila Jumatatu kwa jina lilelile:
Hannelore.
Mapenzi yake ndiyo yaliyokuwa komeo bovu.

Miezi kumi na minne akaingia na kutoka humo.
Akajua makaa yaliyobaki, idadi ya mikate, ukungu,
akajua manowari ipi itavizia wapi, na lini.
Akaandika, akapeleka juu. Juu hakujibiwa mtu.
Mama yangu, mdogo wake, alikuwa na mume baharini.
Jumapili walikula pamoja samaki wa chumvi,
na Vendela akasema tu kwamba viazi havikuiva.

Halafu Jumatatu moja Hannelore hakuja.
Jina lingine, mkono mwingine, wenye tahadhari.
Wanaume sita wakalaani. Yeye akaenda chooni,
akafungulia bomba maji yapige kelele,
akamlilia adui ambaye huenda
penseli yake ndiyo iliyomzamisha.

Hayo aliniambia mara moja, na miaka yake themanini na minane,
nikimkata kucha kando ya dirisha.
Nikamuuliza: na meli ya baba, Shangazi?
Ulijua?

Akautazama mkono wake kwa muda, kidole kwa kidole,
kama anayehesabu.
“Hicho cha mwisho,” akasema, “umekiacha kirefu.”