Nusukaputi

Tangu saa sita usiku sijaonja hata maji.
Jussara amenifuta rangi ya kucha:
"Wanazitaka wazi, wajue kama pumzi inafika."
Nje, Curitiba imeganda;
Julai imepaka magari yote chokaa.

Daktari wa usingizi ana mikono ya baridi
na sauti ya mtu aliyeshiba.
Aniuliza meno ya bandia, aniuliza uzito.
Namdanganya kilo mbili,
kisha naogopa, namwambia kweli.
Nusu yangu atailaza. Hiyo nyingine itakesha wapi?
"Hesabu kurudi nyuma toka kumi."
Kumi. Tisa. Nane ili—

Koo limekwaruzika. Mtu ananiita kama anayedai deni.
Mirija miwili yachuruza wekundu mwepesi
kwenye vichupa; Jussara anavipima,
anaandika nyuma ya risiti ya mikate.

Naomba nionyeshwe.
Zimo beseni, mbili, moja imepasuka,
za manjano kama mafuta ya kuku.
Kwa hizi, miaka kumi na tisa
sikulala kifudifudi.

Siku ya tisa. Kikombe cha rafu ya juu sikifikii.
Jussara anakishusha, hanipi.
Anakiweka rafu ya chini,
anaondoka jikoni.