Dakika Kumi na Tano

Simu ya kampuni hunijua kwa namba.
Nikifika kwa Bwana Ollerenshaw, hapa Oldham,
nyumba ya pembeni, mlango umebambuka rangi,
naigusisha kwenye kibandiko ukutani. Inalia: ti!
Saa imeanza kunila.

Vidonge vitatu. Soksi. Tosti,
siagi hadi ukingoni, ukingoni kabisa,
kama alivyopaka marehemu Edna.
"Natasha," ananiita. Mimi Mwanasha.
Nilimsahihisha mwaka jana, nikachoka,
siku hizi naitika.

Leo amenishika mkono wa sweta.
Anataka kunieleza kiwanda cha pamba,
namna mama yake na wenzake walivyozungumza
mashine zikinguruma, sikio halifai kitu:
midomo tu, bila sauti,
na umbea ukavuka ukumbi mzima.
Ananionyesha. Midomo yake inakwenda, kimya.

Simu inatetemeka mfukoni. Dakika mbili.
Inatetemeka tena. Imegeuka nyekundu.
Kule ofisini hakuna anayeniona mimi;
wana ramani, na nukta yangu ya buluu
imegoma kuondoka.

Nimekaa dakika tisa za bure.
Nje, mvua ya manyunyu, simu yauliza:
Sababu ya kuchelewa?
Yanipa vya kuchagua: foleni, dharura, betri.
Hakuna pa kuandika
mzee alikuwa hajamaliza.
Nabonyeza foleni.

Nageuka. Yuko dirishani, pazia kalishika,
midomo inakwenda nyuma ya kioo:
Kesho?

Namjibu vilevile, bila sauti.
Hilo simu haikulinasa.