Nyuzi Tisa

Alikuja Jumanne, vuli imekataa kunyesha,
vumbi la Mbuyuni limelalia vitambaa vyangu.
Kibarazani hapa nashona sare za shule na mapazia,
na tangu mwaka juzi, tiara za Kundaeli:
nailoni nyepesi kama ngozi ya kitunguu.
Kila ikichanika kule bwawani, Nyumba ya Mungu,
huniletea imekunjwa ndani ya kiroba cha sembe.

Siku hiyo hakuleta tiara.
Alileta mkanda wa begi kuukuu, pete ya chuma,
na mita mbili za mpira wa tyubu ya baiskeli.
"Nishonee kamba, Mama Aichi.
Upande huu mguuni, upande ule kwenye ubao.
Nikianguka, ubao usinikimbie."

Nikamuuliza, kwani ubao hauelei?
Unaelea, akasema, ila upepo unanipeleka mimi kwingine,
na kuurudia lazima nijilaze majini, tiara inivute,
mkono mmoja mbele kama usukani,
kushoto kidogo, kulia kidogo, mpaka niufikie.
Akacheka nusu. "Na mamba je?"

Ubao wenyewe alikuwa bado anaulipia.

Mimi najua mishono. Maji siyajui.
Nilitia sindano nene, uzi wa viatu,
nikapita mara nne, nikapita ya tano,
nikaukanyaga mpira nikauvuta kwa mikono yote
kama mtu anayeng'oa muhogo.
Haukuachia. Nilijisifu.
Elfu nne, nikamwambia; akanipa tatu.

Jumamosi.
Waliokuwepo wanasema hakufanya kosa la ajabu.
Aliteleza tu. Tiara ikazidi kumburura,
ubao nyuma yake ukajichimbia majini kama jembe,
mpira ukarefuka,
ukarefuka
(najua ulivyorefuka, niliupima mwenyewe)
halafu maji yakauachilia ubao.

Mpira hauna akili nyingi.
Unajua jambo moja: kurudi.
Ulirudi na ubao, ubao ukatanguliza ncha,
na njia ya mkato ilipita kisogoni kwake.

Husemwa kamba hukatikia pembamba.
Yangu haikukatika popote.
Ilimshikilia mguu hata alipozirai,
ikamzunguka goti, ikamgeuza uso chini,
mpaka kijana mmoja aliyekuwa akipakua perege
akaruka na kisu chake, akaikata.
Alinieleza baadaye, bila ubaya:
"Mama, ilinisumbua. Ilikuwa imeshonwa kweli kweli."

Wodini, nesi alifunua bandeji nikaona.
Nyuzi tisa, nyeusi, nafasi sawasawa,
mafundo madogo kama mbegu za mchicha.
Nilizikagua kifundi, Mungu anisamehe.
Nikawaza: huyu ningempa kazi.
Kundaeli akafungua jicho moja.
"Mama Aichi," akasema,
"ungeishona vibaya kidogo."
Sikuwa na jibu. Nilimmenyea chungwa.

Kibo haikuonekana wiki ile yote.

Sasa amerudi bwawani. Sikumkataza,
angenisikiliza mimi wa nchi kavu?
Ila nimeambiwa mwezi mzima alikwenda bila ubao,
akijilaza tu majini, tiara ikimvuta,
kushoto kidogo, kulia kidogo,
akijifunza kukifuata kinachomwacha.
Kichwani ana helmeti ya bodaboda, nyekundu.
Ubao ukimtoka, anauacha uende,
kisha anaufuata polepole, na hofu yake ya mamba.

Kipande cha kamba kilichobaki nimefungia mlango wa kibaraza,
ule unaogongwa na upepo wa mchana.
Baadhi ya jioni, nikiufungua, huniponyoka,
hunichapa vidole,
nami hujikuta nimesimama, uzi mdomoni,
nikihesabu.